Aliyeitwa na Breki

Haya sikusimuliwa na mtu, wala sikuyaota. Usukani nilikuwa nimeushika kwa mikono yangu hii, jua liko utosini, na pembeni yangu ameketi mama mmoja mwenye akili timamu kunishinda. Ningekuwa peke yangu ningenyamaza mpaka leo. Lakini tulikuwa wawili, na wote wawili tuliona. Nisikilize kwanza, halafu ukitaka kucheka, cheka.

Miaka ile ya sabini nilikuwa fundi magari pale Iyunga. Lami ya barabara kuu ya kwenda Iringa ilikuwa bado mpya, na madereva wengi walikuwa hawajazoea kwenda kasi bila vumbi. Mama Lusajo alikuwa muuguzi, mjane, na mumewe alikuwa amemwachia gari dogo jeupe la Kifaransa. Kuendesha alikuwa hajui. Safari ile alikuwa anakwenda Iringa kumchukua mama yake, aliyefanyiwa upasuaji wa macho, akaniomba nimwendeshe. Jioni ya kuamkia safari nikambadilishia pedi za breki za mbele, maana za zamani zilikuwa zimekwisha karibu kufika chuma. Nikalizungusha gari gereji polepole, likawa kimya. Nikajisifu.

Asubuhi, kwenye mteremko wa Inyala, nikakanyaga breki. Usukani ukatikisika mikononi mwangu kama mtu mwenye homa ya baridi. Papo hapo gurudumu la mbele kushoto likatoa mlio. Si ule mkwaruzo wa chuma kwa chuma, huo naujua. Huu ulikuwa mwembamba, mrefu, unapanda kisha unakatika, kama filimbi.

"Fundi," Mama Lusajo akasema, "juzi gari hili lilikuwa linalia hivi?"

"Hapana, mama."

"Basi jana umelitengeneza au umeliharibu?"

Niliteremka mlima kwa gia, nikavumilia mpaka tukafika tambarare, tukapita Igurusi, ndipo nikasimama. Mlio ukatoka tena, mrefu.

Kuna jambo mafundi wachanga hawalijui. Mtikisiko na mlio ni magonjwa mawili, hata yakija siku moja. Ukiyachanganya utafungua gari zima na hutaliponya. Nilijiuliza: pedali inapiga mguu? Haipigi. Basi diski imenyooka. Kinachotikisika ni usukani peke yake, na ni pale ninapokanyaga breki tu. Nikatoa spana, nikashika nati za gurudumu. Tatu zilikuwa zimebana hasa, ya nne ikageuka nusu mzunguko bila nguvu. Aibu ilinipata. Jana nilikuwa na haraka, nikazikaza kwa kuzunguka badala ya kwa msalaba, moja kisha ya mkabala wake, gurudumu likakaa upande. Nikainua gari kwa jeki, nikalegeza zote, nikaanza upya.

Nilikuwa nimechuchumaa hivyo nilipoona miguu ng'ambo ya mtaro.

Ilikuwa miguu ya mtu mrefu, imejaa matope hadi magotini. Matope meusi, mabichi, yanang'aa. Kiangazi kilikuwa kimekaza, nyasi zote za bonde la Usangu zilikuwa rangi ya karatasi, na hapo tulipokuwa hapakuwa na maji hata ya kunawa. Nikainua kichwa. Alikuwa mchungaji, amejifunga shuka begani, fimbo mkononi, mmoja wa wale waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Nikamsalimia. Hakuitika. Alikuwa anatazama gurudumu, si mimi. Alilitazama kama unavyomtazama mtu aliyekuita halafu akasita kusema.

Nikadhani ni mgonjwa wa akili. Nikashusha jeki, tukaondoka.

Robo saa mbele nikajaribu. Nikalipa gari mwendo, nikakanyaga breki kwa nguvu. Usukani ukatulia kama umepigiliwa, mtikisiko umekwisha. Lakini filimbi ililia kuliko mwanzo. Nikasimama, nikavua gurudumu, nikachomoa pedi. Hapo nikaona ugonjwa wa pili. Nyuma ya kila pedi panatakiwa kukaa kibati chembamba, kinachozuia pedi isicheze na kulia. Hapakuwa na kitu. Vibati vyangu nilivitoa jana nivisafishe, na kwa hakika vilikuwa bado Iyunga, ndani ya kopo la mafuta ya taa, juu ya meza. Kwa dharura dawa yake ni grisi kidogo, unapaka mgongoni mwa pedi, kamwe usipake usoni panapobana diski. Grisi nilikuwa nayo. Nikafungua mkebe.

"Fundi," Mama Lusajo akaniita kwa sauti ya chini. "Yule mtu."

Alikuwa amesimama ng'ambo ya mtaro, karibu kuliko mara ya kwanza. Fimbo ileile. Matope yaleyale, bado mabichi. Robo saa kwa gari, rafiki yangu, na hapakuwa na gari lolote lililotupita. Unielewe, mimi si mwoga wa watu. Lakini mwili wangu ulijua kabla ya akili. Nilirudisha pedi bila grisi, nikakaza nati, nikakanyaga mafuta.

Tukapita Chimala bila kusimama, na mbele kidogo, kwenye kona, ng'ombe wamejaa barabarani. Ningefanya nini? Nikakanyaga breki. Filimbi ikalia, ndefu, na ng'ombe wote wakasimama. Wote wakainua vichwa kwa pamoja. Wala hawakutazama gari. Walitazama kushoto kwetu, na wakabaki hivyo, masikio yamesimama.

Naye alikuwa pale, karibu na dirisha la Mama Lusajo.

"Mnaniita," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, lakini kilisikika. "Mnaniita, nakuja. Nafika, mnaondoka."

Mama Lusajo ndiye aliyeshusha kioo.

"Nani anakuita, kaka?"

"Filimbi. Ya mdogo wangu Maduhu. Naijua mimi."

"Unatoka wapi?"

"Ihefu, kwenye maji. Ng'ombe waliingia matetini, nikawafuata. Nimerudi nyumbani, boma hakuna. Hata miiba ya zizi hakuna."

Mama Lusajo akanigeukia. Mwaka ule watu wa huko mbugani walikuwa wamehamishiwa vijijini, na yeye alikuwa amekwenda kuchanja watoto kwenye kijiji kimoja kipya karibu na Igawa. Akamwambia yule mtu kwamba wenzake huenda wako huko, apande tumpeleke.

Akatikisa kichwa. "Nikipanda humo sitaisikia."

"Fundi," Mama Lusajo akasema, "ile grisi yako usiipake."

Nikamnong'oneza, "Mama, huyu si mtu."

"Najua. Nimefumba macho ya watu wengi wodini, maiti namjua. Lakini huyu anataka kwenda kwao. Endesha."

Niamini, sijawahi kuendesha hivyo tena. Kila baada ya mwendo mfupi nakanyaga breki, filimbi inalia, tunasimama, tunangoja. Tukiwa mwendoni hatumwoni, hata kwenye kioo. Tukisimama, yupo. Lori moja la mafuta lilitufuata nyuma likipiga honi, dereva akapita akinitukana mpaka mama yangu mzazi. Harufu ya breki zilizochemka ikajaa ndani. Nikasema zitaungua. Mama Lusajo akasema tutazipoza tukifika.

Na yeye alikuwa anabadilika. Mwanzo alikuwa anasimama tu. Baadaye tulimkuta anatembea. Karibu na Igawa, kila niliposimama nilimkuta anakimbia, shuka linapepea, anatupita kidogo kisha anasimama kusikiliza. Hofu ilikuwa imenitoka, sijui saa ngapi. Nilichokuwa nacho kifuani kilikuwa haraka, kama vile anayesubiriwa nyumbani ni mimi.

Tukafika kwenye nyumba mpya za nyasi zilizopangwa mistari. Nikakanyaga breki. Filimbi ikalia.

"Hayupo," Mama Lusajo akasema.

Hakuwepo kushoto, kulia wala nyuma. Badala yake mtu mmoja mwenye mvi alitoka mbio katikati ya nyumba, jembe mkononi, na shingoni amening'iniza filimbi ya bati kwa kamba. Alipofika hakututazama. Alitazama barabara tuliyotoka.

"Nani kapiga filimbi?"

"Ni breki za gari, baba," nikasema.

"Nani kapiga?"

Mama Lusajo akashuka. Akamweleza taratibu, kama anavyoeleza ndugu wa mgonjwa. Yule mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja.

"Alikuwa na matope?"

"Mpaka magotini."

Yule mzee, ndiye Maduhu mwenyewe, akaketi chini, palepale kwenye lami. Alituambia kaka yake Shija aliingia kwenye kinamasi cha Ihefu msimu wa mvua, akifuata ng'ombe kumi na moja. Alimpigia filimbi siku tatu, usiku na mchana, mpaka midomo ikatoka damu. Ng'ombe wawili walirudi. Shija hakurudi, wala hawakupata cha kuzika.

"Watu wakasema niache, apumzike. Nikaacha. Ikaja amri ya kuhama, nikabomoa boma. Nilimwacha huko, sikumwambia tunakwenda wapi."

Hapo sauti ya mkewe ikaita kutoka nyuma ya nyumba, ikaita tena kwa nguvu. Tukaenda. Uwanja ulikuwa umefagiliwa asubuhi ile, mchanga umelala vizuri, na katikati yake zilipita nyayo za mtu mzima, nyeusi, mbichi, kila moja na matope yake. Zilitoka upande wa barabara, zikaingia zizini. Nilizunguka zizi lote kwa macho yangu mwenyewe. Hazikutoka.

Maduhu hakulia. Alisimama mlangoni mwa zizi, akavua kofia, akazungumza kwa lugha yao kwa muda mrefu, sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza mgeni mambo ya nyumbani. Kisha akanijia.

"Gari lako linalia bado?"

"Linalia."

"Linyamazishe. Asije akatoka tena."

Basi nikavua gurudumu la kushoto mbele ya nyumba ya Maduhu. Yeye mwenyewe alinishikia mkebe wa grisi. Nikapaka migongo ya pedi, nikasafisha vidole nisichafue nyuso za pedi, nikafunga, nikakaza nati kwa msalaba. Nikalipeleka gari mpaka barabarani, nikarudi, nikakanyaga breki mara tatu. Kimya kabisa. Maduhu akaitikia kwa kichwa. Ndiyo mara ya mwisho mimi kumwona.

Tulipopita Makambako, Mama Lusajo, akitazama nje, akasema, "Baba Lusajo alipofariki nilihama nyumba wiki ileile. Nilikuwa siwezi kulala mle. Sikumwambia kitu." Nikaendesha. Tulipomrudisha mama yake salama, baada ya siku chache Mama Lusajo alinipitia gereji akaniomba nimpeleke kwenye kaburi la mumewe, Tukuyu. Nilibaki garini. Alikaa huko saa nzima, na aliporudi uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo.

Mimi nilipata changu. Toka siku ile masikio yangu hayasikii mlio mwembamba. Sauti za watu nasikia, honi nasikia, radi nasikia. Lakini filimbi, ndege wadogo, breki inayolia, hakuna. Daktari aliyachungulia, akasema ni mazima. Fikiria fundi wa breki asiyesikia breki! Kwa miaka yote iliyofuata, kila niliyemfungia pedi nilimwambia aingie garini na mimi, anisikilizie. Wengine walidhani ni unyenyekevu.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza. Ukibadilisha pedi usimpe mwenyewe gari lake kabla hujalijaribu kwa mwendo wa kweli. Hilo ni la ufundi, na kosa langu ulilisikia. Na kama utapita bonde lile saa za jua kali, ukaona kila unaposimama mtu yuleyule yupo, usikanyage mafuta kama nilivyofanya mimi. Shusha kioo, muulize kwao ni wapi. Na siku ukihama, hata kama umelazimishwa, hata kama lori liko mlangoni linanguruma, toka kwanza uani uwaambie waliokufa mnakokwenda. Taja jina la mahali. Sema kwa sauti.