Harufu ya Mvuje

Hata leo, mvuje ukigusa mafuta ya moto, mimi hugeuka kutazama mlangoni.

Nilikuwa na mafua, kifua kimenibana. Mama alikwenda kupanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, akaniacha kwa jirani yetu, mama wa Kihindi. Jirani alichemsha ukwaju na nyanya, akatwanga pilipili manga na vitunguu saumu, kisha akakaanga mvuje kidogo na kuumimina juu ya supu.

"Ya kwetu hii, mwanangu. Kunywa ingali moto."

Sisi mvuje hatukuula. Tuliwafungia watoto wachanga mkononi, ndani ya kitambaa cheusi, ili mashetani wasiwakaribie. Mdogo wangu alivaa wake mpaka siku tuliyomzika, hata arobaini hajafika. Tangu hapo harufu ile haikuingia tena nyumbani kwetu.

Mama alirudi, akasimama mlangoni, akanusa. Kikapu kikamponyoka na sukari ikamwagika, wala hakuitazama.

"Yuko wapi?"

"Si huyu hapa!" jirani akasema, akinionyesha mimi.

Mama akanipita. Akaiinua kanga iliyokuwa juu ya kitanda cha kamba, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.