Kitabu cha Ojok

Mwanangu, ipo asubuhi moja ninayoikumbuka nusu tu, na nusu hiyo ndiyo ninayotaka kukupa. Vita vilikuwa vimeisha miaka michache nyuma, nami nilikuwa kijana aliyepanga chumba Bwaise, mtaa wa Kampala. Shule niliiacha darasa la sita, maana dirisha lilinivutia kuliko ubao. Nilikuwa bondia, tena si mbaya. Siku kumi kabla ya asubuhi hiyo niliangushwa ulingoni, nikazinduka nikiangalia taa. Daktari aliyewekwa na serikali akagonga mhuri mwekundu kwenye kitabu changu cha ngumi: miezi mitatu nisipande ulingo.

Miezi mitatu, kwa mtu kama mimi ambaye siku mbili nyumbani zilikuwa kifungo.

Basi nikatoka bila kujua naenda wapi. Kichwani mlikuwa na mlio mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa, na miguu ilikuwa myepesi ajabu. Maji ya mafuriko yalikuwa bado yamesimama vichochoroni, mbingu imelala ndani yake, nami nikapita juu ya mawingu. Niliona raha. Nilidhani huo ndio uhuru wenyewe.

Sokoni Kalerwe, katikati ya mananasi, nikamkuta rafiki yangu Ojok, mtoto wa askari polisi kutoka kaskazini. Naye alikuwa bondia, uzito wetu mmoja. Mkono wake ulikuwa umevimba jipu.

"Leo mchana niko na pambano Kabalagala," akasema. "Mshindi anapelekwa Nairobi. Na mkono hii haiingii kwa glovu."

"Nairobi," nikasema.

"Usiniangalie hivyo, bwana." Kisha akacheka, akatoa kitabu chake. "Chukua. Promota hajaniona hata siku moja. Na picha ililowa maji ya Bwaise, hata mama yangu hawezi kunijua hapo."

Ni kweli, pichani yalibaki mabega na shingo, uso umekuwa ukungu. Kurasa zilikuwa safi, hakuna mhuri mwekundu. Sisi mabondia tulikuwa na tabia hiyo, mwanangu. Tuliazimana vitabu kama watu wanavyoazimana viatu vya kwendea harusini. Hatukuona kwamba ni uongo. Tuliona ni undugu.

Huko Kabalagala walikuwa wakipima uzito uani, nyuma ya hoteli ya Mama Achieng, Mkenya aliyekuwa akipika chapati huku akitusikiliza. Daktari wa siku hiyo alikuwa mama mfupi. Tulimwita musawo, kama Waganda wanavyomwita daktari. Picha hakuijali. Aliniambia nifumbe macho niguse pua. Nikagusa shavu.

"Huyu pua yake ameacha nyumbani," mtu akasema nyuma yangu. Wakacheka, nami nikacheka.

"Leo siku gani?" musawo akauliza.

"Jumatano."

Ilikuwa Jumamosi. Safari hii hakucheka mtu.

"Na hapa umepita njia gani?"

Nikafungua mdomo. Nikaona mananasi ya Kalerwe. Baada ya mananasi, hakuna kitu. Nilikuwa nimelikata jiji zima kwa miguu, mimi niliyezoea kuchungulia kila kibanda na kuuliza jina la kila kilima, na hata kimoja hakikubaki. Ile raha ya asubuhi ikageuka baridi mgongoni.

Musawo akafunua kitabu. "Ojok. Kitabu inasema hujaangushwa mwaka mzima. Kichwa yako inasema umeangushwa juzi. Nani anadanganya?"

Ningeweza kukisingizia kichwa, nikasema ni malaria. Nairobi ilikuwa pale, nyuma ya kamba za ulingo. Promota akaanza kukohoa.

"Kitabu, musawo," nikasema. "Mimi siitwi Ojok."

Hakunifokea. Aliandika kwanza, akamaliza. "Kijana mmoja alikuja kwangu na kitabu safi kama hii," akasema. "Nikaamini kitabu. Tukamzika."

Kitabu kilibaki kwake. Ojok alifungiwa kucheza ngumi mwaka mzima kwa kuniazima, na mwaka huo wote hakunisalimia. Alikuwa na haki.

"Unalala na nani?" musawo akaniuliza.

"Peke yangu."

"Leo hapana. Lazima mtu akuangalie."

"Alale hapa kwangu," Mama Achieng akasema bila kuinua macho kwenye chapati. "Kuna kachumba nyuma ya jiko. Lakini wewe, ukitapikia unga yangu utanijua."

Akanitandikia mkeka kati ya magunia. Nikajilaza mahali ambapo asubuhi sikujua hata kama papo, nikisikia masufuria na watu wakiongea Kijaluo, na kila mara mlango ukifunguliwa kidogo, jicho likinitazama.

Mwanangu, utakutana na watu wenye mihuri, na wengine ni wasumbufu, sikatai. Lakini anayekuuliza habari za kichwa chako mpe ukweli, hata kama ukweli huo unakukosesha safari. Ukimpenda rafiki, usimwazime karatasi ya kumpeleka kwenye hatari. Mshike mkono, mkalishe chini. Na wewe mwenyewe, siku utakayojisikia mwepesi kupita kiasi, usione aibu kutazamwa na mtu mwingine.

Mungu akutembeze mbali kuliko nilivyotembea mimi. Akupe uzee wa kuita wajukuu wako kila mmoja kwa jina lake, bila kukosea.