Mawe Meupe ya Mzee Kapotwe

Mzee Kapotwe alistaafu mgodini akiwa na kofia ngumu, kikohozi, na heshima kubwa aliyojitunuku mwenyewe. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko chini ya lundo la mabaki ya machimbo ya shaba, na mahindi yake kila mwaka yalitoka mafupi, ya manjano. Mwaka huo ghala lilikuwa tupu. Mavuno yakiharibika tena, yeye na mkewe watalala njaa.

"Tumerogwa," alisema.

"Nani atuonee wivu kwa vijiti hivi?" akauliza mkewe, Bana Chola, yaani mama Chola.

Bi Namukolo, bibi shamba, akawaletea magunia ya chokaa. "Baba, udongo huu ni mchachu, umejaa shaba. Mzizi wenye njaa unabugia chochote, hata sumu. Mwageni chokaa na samadi, mmea upate chakula chake, na shaba itapungua makali."

"Mwanangu, mimi nimevuta vumbi la shaba maisha yangu yote. Limenifanya nini?" Akakohoa mpaka akashika ukuta.

Chokaa nyeupe namna ile, imwagwe udongoni! Kapotwe hakuwa mshamba. Nyumba za mabwana wa mgodi zilikuwa na mawe meupe kandokando ya njia, naye alikuwa ameyatamani tangu ujana. Akaikoroga chokaa kwenye ndoo, akapaka mawe ya njia ipitayo katikati ya shamba, akapaka ngazi, akapaka hata shina la mpera. Majirani wakasifu. Kutwa akawa anaipita njia ile, mikono nyuma, akiyakagua.

Mvua zikanyesha, chokaa ikachuruzika. Shamba zima likawa manjano kama kawaida yake, ila mahindi yaliyopakana na mawe yakasimama kijani, marefu kumpita mwenye shamba.

"Bashi Chola!" mkewe akamwita baba Chola wake. "Njoo uone. Mchawi wako kasahau mstari mmoja!"

Kapotwe akaja, akatazama. Jioni alimfuata Bi Namukolo kuomba chokaa nyingine, kwa upole ambao hakuna aliyejua anao. Akaambiwa asubiri msimu ujao.

Walichovuna hakikujaza hata gunia. Usiku ule nshima, ugali wao, ilikuwa tonge moja moja. Kapotwe akalisukuma la kwake upande wa mkewe, akasema ameshiba. Bana Chola akamtazama, akalikata katikati, akamrudishia nusu.