Vimulimuli wa Ndiva Yetu

Juzi umeme ulikatika hapa Same, mjukuu wangu akaanza kulalamikia giza. Nikamcheka, halafu kicheko kikanikauka. Nilikumbuka vimulimuli wa kwetu Mamba, kule milimani, na tangu hapo sijatulia; nakaa, nainuka, nakaa tena. Hebu nikusimulie, labda roho itatulia.

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Juu ya kijiji palikuwa na ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mifereji, na pembeni yake matete yaliyofungana. Vimulimuli wa pale hawakufanana na wa tambarare. Waliwaka kijani, taratibu, chini kabisa mateteni. Sidhani kama msomi yeyote aliwahi kuhangaika nao. Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyewajua: wakitokea jioni baada ya manyunyu ya kwanza, kesho yake anatoa mbegu. "Mvua ina wajumbe wake," alikuwa akisema, na majirani walikuja kumwuliza, "Bibi, wameshuka?"

Mwaka mmoja ikapigwa mbiu ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Bwana shamba alitaka matete yafyekwe, mbu wapungue. Nani abishe? Tuliimba, tukafyeka, makande yakichemka pembeni na kututoa udenda. Bibi aliwashinda vijana, huku akiwatania, "Nyie mna mikono ya uji!"

Manyunyu yakaja. Jioni bibi akapanda ndivani, akarudi na asitoe mbegu. Kesho yake vivyo hivyo. Majirani wakaanza kupanda mbegu zao. Mama akawa anagonga sufuria jikoni bila sababu, maana tusipopanda tutalala njaa.

"Mama, mvua haimsubiri mtu," alimwambia bibi.

Bibi akajitanda kanga, akapanda tena ndivani. Mimi sikujua nimwonee nani huruma.

Jioni moja nilifuatana naye. Giza likaingia, tukasikia vyura tu. Bibi akainama, akayapapasa mashina ya matete.

"Lo! Kumbe nyumba yao nimeifyeka mimi mwenyewe."

Asubuhi akamkabidhi mama kibuyu cha mbegu. "Pandeni," akasema, akageukia ukutani.

Maharage yalikubali mwaka ule, tena sana. Hilo ndilo linaloniuma. Tungekosa, labda matete yangeachwa yaote. Lakini tulishiba, bwana shamba akasifiwa, vimulimuli hawakurudi, na ndiva sasa ina kuta za saruji. Bibi aliishi miaka mingi baadaye. Kila yakianguka manyunyu alikaa mlangoni, akiwatazama majirani wakipita na mbegu zao. "Shikamoo, bibi." "Marahaba," anaitikia, kisha anangoja kidogo. Hakuna aliyesimama kumwuliza.