Tumbo Lipi?

Mtaa mzima ulijaa madaktari, vyeti tu ndivyo hawakuwa navyo. Kila aliyeleta nguo kwa fundi cherehani, ambaye watu walimwita Kibonge, alimwachia ushauri wa bure: kunywa maji ya ndimu, punguza wanga, tembea. Kibonge, kilo zake mia na sitini na nane, alishukuru, maana kumbe miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kusikia habari za kutembea.

Bingwa wao alikuwa dada yake mkubwa. "Mdogo wangu, funga mdomo tu," alimwambia. Yeye mwenyewe aliufunga wake mara moja, siku aliyong'olewa jino.

Lakini pumzi zilikuwa zinamkatika usingizini, mkewe anakesha akimtikisa. Mlo na dawa havikufua dafu. Daktari akasema moyo umeelemewa, hautadumu. Dawa iliyobaki ni operesheni ya kupunguza tumbo.

Fundi ni fundi. Akisikia "kupunguza" haulizi mara mbili. Alirudi kibandani, akashona suruali ya kijivu, kiuno inchi thelathini na sita, ya kutokea hospitali.

Kwenye kikao cha mwisho kabla ya operesheni daktari alimuuliza ameelewa nini. Kibonge akamtolea suruali.

Daktari hakucheka. "Mzee, tumbo unalopima kwa futi sisi hatuligusi. Tunakata la ndani, kile kifuko cha chakula. Kinabaki chembamba kama ndizi."

"Kwa hiyo natoka na mwili huuhuu?"

"Huohuo. Utapungua kidogo kidogo, mwaka na zaidi. Utakula kwa vijiko na kumeza vitamini maisha yako yote. Ukishinda unakunywa soda na kudonoadonoa, utanenepa tena. Na operesheni yoyote ina hatari zake. Bado unataka?"

Kibonge aliikunja suruali polepole. Aliogopa, na aliona aibu pia, yeye aliyekata vitambaa vya watu miaka yote bila kuviuliza kama vinataka.

"Nataka," alisema. "Mke wangu hajalala tangu mwaka juzi."

Dada alipopata habari alitoa hukumu: hiyo ni njia ya mkato. Mkato kweli ulikuwepo, matundu matano ya tumboni, halafu wiki za vinywaji vitupu na kutapika kila aliposahau kutafuna vizuri. Njia fupi mno.

Jumapili moja, mwezi wa tatu baada ya operesheni, familia ilikaa mezani. Kibonge alikula vijiko sita, akaweka kijiko chini. "Nimeshiba," alisema.

Neno hilo alikuwa akilisema mbele za watu tangu utotoni, kwa aibu, kisha anakwenda kumalizia jikoni akiwa amesimama. Dada aliijua tabia hiyo. "Haya, nenda jikoni," alisema. "Hatutakufuata."

Kibonge hakuinuka. Aliisikilizia ile njaa iliyomwandama miaka hamsini, na haikuwepo. Machozi yakamtoka mbele ya wote. Mkewe akaiondoa sahani iliyokuwa mbele yake.