Asubuhi za Kisigino Uani kwa Mama

Mwaka ule mikorosho ilichanua mapema. Hadi leo nikisikia harufu ya maua yake, hunirudia asubuhi za uani kwa mama, Kiranjeranje, nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimejiandikisha kukimbia marathoni Dar es Salaam, ya kwanza maishani mwangu. Kila alfajiri, baada ya swala, nilikimbia kando ya barabara kuu. Mwanzoni watu walishtuka: "Mwalimu, kuna msiba?" Baadaye wakazoea, wakawa wananipungia mkono tu.

Halafu kisigino kikaanza kuuma. Kiliuma nikiamka, nikitembea kidogo maumivu yanapoa, basi nikaendelea kukimbia. Asubuhi moja kano la nyuma ya kisigino likakaza ghafla, nikakaa chini kwenye changarawe, nisiweze hata kusimama. Nilirudi nyumbani nikichechemea. Mama alinikanda kwa mafuta ya nazi ya moto huku akinisema kwa Kimachinga, lugha ya kwao. Uvimbe haukupungua.

Tukaenda Lindi, hospitali, kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alimwamkia mama shikamoo, akampa kiti, kisha akanishika mguu, akabonyeza hapa na pale, akanitembeza peku chumba kizima.

"Kano halijakatika," akasema. "Limechoka. Uliongeza masafa haraka mno. Litapona, ila si kwa kukandwa wala kwa kulala tu. Lazima tulizoeze upya kubeba uzito."

Akanionyesha: nisimame ukingoni mwa ngazi, nijiinue kwa vidole, nishushe kisigino taratibu. Nikipata nguvu, nifanye hivyo nikiwa na begi la mchanga mgongoni.

Mama alishindwa kunyamaza. "Mwanangu, mguu unamuuma, halafu unataka aubebeshe mchanga?"

"Polepole, mama. Mchanga ni baadaye."

"Na hizo mbio zake?"

"Akiweza kuruka kwa mguu huo bila maumivu, nitamruhusu. Asipoweza, hakimbii."

Ndani ya basi nililia. Mama alinimenyea chungwa.

Kesho yake nilianza, kwenye ngazi ya mlango wa uani. Mama alikuja kunihesabia. Baada ya siku chache alikuwa kando yangu, ameshika ukuta, kanga kaifunga kiunoni, naye anapanda na kushuka.

"Nakusindikiza tu," akasema.

Hapo ndipo alipoanza kunisimulia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Kumbe alipokuwa msichana, wakitoka shamba, walishindana kukimbia hadi mtoni, na hakuna aliyempita, wasichana kwa wavulana.

"Kwa nini uliacha, mama?"

"Niliolewa. Mke wa mtu akimbie, anakwenda wapi?" Akacheka mpaka akapoteza hesabu, tukaanza upya.

Tulirudi Lindi mara kadhaa. Mara ya mwisho yule binti aliniambia niruke. Niliruka, nikaruka tena, naye kainama anakitazama kisigino. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Nenda," akasema binti. "Lakini usishindane na mtu."

Siku ya marathoni, Dar es Salaam, sikushindana. Nilikimbia pole, mwishoni nikatembea, nikamaliza wakati watu wanaanza kukunja maturubai. Mama, niliyesafiri naye tukafikia kwa shangazi yangu wa huko, alikuwa kwenye uzio akipiga vigelegele peke yake. Nilipomfikia akaniambia, "Ningekuwa na umri wako, ningekupita." Nilimwamini.

Sasa naishi Lindi mjini, na mguu haunisumbui. Mazoezi bado nayafanya, ila peke yangu. Mama amezeeka, safari hawezi tena. Nikimpigia simu asubuhi huniuliza kama nimeshapanda ngazi, kisha hunihadithia tena zile mbio za mtoni, nami namsikiliza kama vile sijawahi kuzisikia.