Ukuta wa Mama Mkaa

"Nenda kamwambie sasa hivi."

"Nimesema kesho, mama watoto."

"Kesho! Kesho yako imezaa mpaka ina wajukuu. Jumatatu ulisema kesho, Jumanne kesho, leo Alhamisi bado umeikumbatia kesho ileile, imeota hata ndevu. Na kesho yenyewe ndiyo wanagawa hizo barua za nyumba mpya! Unataka asimame kwenye foleni juani, na magoti yake yale, aambiwe mbele za watu kwamba hana nyumba?"

"Basi mwambie wewe. Si shoga yako?"

"Mimi ndiye niliyesugua ukuta wake? Mkono uliosugua ni huo hapo, unaunyoosha kuniomba chai."

Mzee akaurudisha mkono mapajani. Alikuwa amekaa juu ya ndoo ya chokaa aliyoifudikiza katikati ya chumba. Viti vilikuwepo, viwili, lakini tangu wiki ile ianze hakukalia kiti, kana kwamba viti navyo vilikuwa na la kusema juu yake. Mkewe alisimama mlangoni na mwiko mkononi, kachachamaa, na maharage yalikuwa yanaungua jikoni bila mtu kuyaambia pole.

Mtaa mzima ulimwita Mzee Brashi. Jina lake la kuzaliwa alibaki nalo mkewe, naye alilitumia kwenye misiba tu. Alianza kupaka chokaa kabla meno ya utotoni hayajamwisha, na kwa miaka yote hiyo alikuwa hajui kusoma hata herufi moja, ila ukuta aliusoma kama wengine wanavyosoma barua ya mpenzi. Alikuwa akiupapasa kwa kiganja, anafumba macho, kisha anakwambia huu umelia upande wa bafuni, huu ulipigwa plasta na mtu mwenye haraka, huu wenye nyumba wanagombana.

Na weupe wake haukuwa weupe wa mchezo. Alipomaliza nyumba ya kona, asubuhi yake jua lilichungulia likarudi ndani, likidhani mwenzake ameshatoka. Kuku wa jirani walitaga mara tatu kwa siku mpaka wakakonda. Mama mkwe wake alikuja kumwona binti yake, akasimama barabarani nusu saa nzima anauliza nyumba iko wapi, na nyumba iko mbele ya pua yake inang'aa. Mama mkwe mwenyewe aliikana habari hiyo mpaka anaingia kaburini, lakini mama mkwe gani alishawahi kumpa mkwewe haki yake?

Siri yake haikuwa kwenye chokaa. Chokaa kila mtu anayo. Unailaza majini siku tatu, unatia chumvi konzi mbili, unatia gundi, unakoroga. Siri ilikuwa kabla ya chokaa. Mafundi wengine wakiona doa wanalipaka juu, wanachukua chao, wanaondoka. Mvua mbili tu, doa linachungulia. Mzee Brashi alikuwa akisema doa ni kama mke mwenza, ukilifunika halijaondoka, limekaa kimya tu linakusubiri. Kwa hiyo yeye alisugua. Kwanza brashi ya waya, kisha jiwe, kisha maji, kisha kitambaa, kisha anaacha ukuta upumue hadi kesho yake. Baada ya hapo ndipo anapaka, mikono mitatu, mmoja ukikauka juu ya mwingine. Doa likipita mikononi mwa Mzee Brashi, hata aliyelitia hawezi kukuonyesha mahali lilipokuwa.

Mkono huo ndio uliowaponza.

Siku moja gari la halmashauri ya jiji lilipita na kipaza sauti. Mtaa huu, likasema, ni mkongwe, umechoka, sasa unaboreshwa. Barabara pana, mitaro ya kisasa, taa, maji ya bomba. Watu walipiga makofi, na ni haki yao. Mtaro uliopita mbele ya nyumba zao ulikuwa na umri mkubwa kuliko binadamu yeyote aliyeuruka, na mbu wake walikuwa wakubwa kiasi cha kubisha hodi kabla ya kuingia. Gari liliendelea kusema mengine, ila lilikuwa limeshafika kona, na kipaza sauti kilikuwa kinakohoa. Wakasikia "namba". Namba ya nini, hakuna aliyesikia.

Siku tatu baadaye wakaja vijana wa jiji na makopo ya rangi nyekundu. Wakaandika kila nyumba, ubavuni mwa mlango, tarakimu kubwa zinazochuruzika kama kidonda.

Mzee Brashi alipoiona rangi ile kwenye ukuta wake, alikwenda moja kwa moja kuchukua brashi ya waya. Kuna kitu hakuwahi kumsimulia mtu zaidi ya mkewe. Zamani, upande wa relini, mama yake alikuwa na nyumba ya vyumba viwili. Wakaja watu wakaandika alama nyekundu mlangoni, na mama mtu akaheshimu maandishi ya serikali, akayafuta vumbi kila asubuhi. Wiki ya pili tingatinga lilikuja likafuata rangi nyekundu, mlango hadi mlango, kama ng'ombe anayefuata chumvi. Mama yake aliishi miezi saba baada ya hapo, barazani kwa watu.

Sasa yeye amekuwa mtu mzima, ana brashi ya waya mkononi, halafu aiache rangi nyekundu ilale ukutani kwake? Aliisugua siku ileile. Majirani wengine alipowaambia wakacheka. "Tulia, mzee, likija lije." Walikuwa wavivu, Mungu awabariki kwa uvivu wao.

Jirani mmoja tu hakuwepo. Huyo ndiye Mama Mkaa, mjane, muuza mkaa, nyumba ya ubavuni. Alikuwa amekwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua. Miaka yote vumbi la mkaa lilipanda ukutani kwake, na miaka yote Mzee Brashi alimpakia kila mwisho wa mvua, na mke wa mzee hakuwahi kulala bila mkaa. Ndivyo walivyoishi, hakuna aliyemhesabia mwenzake. Basi mzee akauangalia ukuta wa jirani na ile namba yake nyekundu, akasema moyoni, mwenyewe hayupo, nani atamtetea? Akachukua ndoo. Akasugua siku nzima, akapaka mikono mitatu, na wa nne wa mapenzi.

Kikaja kikundi cha pili cha watu wa jiji, na fomu. Walikuwa wakipita wakinakili namba ukutani, nyumba hadi nyumba. Kufika kwa Mzee Brashi hawakuona kitu, kwa Mama Mkaa hawakuona kitu, wakapita. Mzee alisimama mlangoni kifua mbele, akawapa na maji ya kunywa. Siku hiyo alikula kama bwana harusi. Mama Mkaa aliporudi akaukuta ukuta unawaka, alipiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wakamjibu.

Miezi ikapita. Jumapili iliyopita binti yao, ambaye anafagia ofisi za halmashauri na kusoma anajua, alikuja na uso umemshuka. Ramani ya mtaa ilikuwa imebandikwa ukutani ofisini. Kila nyumba ina kisanduku na namba.

"Ya kwetu ni ipi?" baba akauliza.

"Baba, ya kwetu haipo. Na ya Mama Mkaa haipo. Pameandikwa uwanja."

Jumatatu asubuhi alikuwa dirishani kwa karani. Karani alikuwa kijana mwenye adabu, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi, maana mtu ukitukanwa unapata pa kushika.

"Namba ya nyumba, mzee wangu?"

"Niliifuta."

"Uliifuta? Kwa nini?"

"Nilidhani ni ya kubomolewa."

"Zote zinabomolewa, mzee. Hata zisizo na namba. Barabara inapita hapo. Namba ni ya kupewa nyingine."

Mzee akashika ukingo wa dirisha. "Mwanangu, mimi nyumba ninayo."

"Ramani inaonyesha uwanja mtupu."

"Kwenye huo uwanja mtupu kuna kitanda changu, na juu ya kitanda nimemwacha mke wangu anapanga nguo."

Watu kwenye foleni wakacheka. Karani hakucheka. Alisema orodha imefungwa na imeshatiwa saini, lakini akaahidi atapita mwenyewe saa ya mapumziko. Likionekana hata kovu la namba, ataandika barua kwa wakubwa. Mzee akauliza kuhusu mashahidi. Karani akapumua. "Mashahidi wapo wengi, mzee. Juzi alikuja mtu na mashahidi tisa wa nyumba ya ghorofa ambayo hata paka hajawahi kulala kivulini mwake. Sasa wamekataza."

Mchana akaja kweli, Mama Mkaa akiwa kijiweni kwake. Karani alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake nzuri. Akalowesha ukuta, akakwangua kwa ufunguo, akamulika kwa simu, akasogeza shavu kama anayesikiliza tumbo la mja mzito. Nyumba ya mzee, hakuna. Nyumba ya Mama Mkaa, hakuna. Mzee naye alikuwa kando anaomba, mara ya kwanza maishani mwake, kwamba awe fundi mbovu. Angelipua kazi kama wenzake, saa hizi namba ingekuwa inachungulia.

Karani akasimama, akajipangusa magoti.

"Mzee," akasema, "umepaka vizuri sana."

Miaka yote hiyo ya kazi, na sifa pekee aliyowahi kupewa na mtu wa ofisi ilikuwa hiyo.

Jumanne alitoa kopo la rangi nyekundu akajaribu kuirudisha namba. Akachora uani kwanza, kwa majaribio, kile alichokumbuka: kitu kama ndoano, na kitu kama chungu, na mstari. Mkewe akatazama. Binti akatazama, akasema, "Baba, hii si namba." Na hata ingekuwa namba, sasa hawaangalii kuta, wanaangalia orodha. Akaisugua tena, ikatakata.

"Sisi tutakwenda kubanana kwa binti yetu," mkewe alikuwa akisema sasa, na sauti imeshuka, jambo lililomtisha mzee kuliko kelele. "Chumba kimoja, watu saba, tutapumua kwa zamu. Haya. Mama Mkaa atakwenda wapi? Kwa mkwewe, akalale sebuleni na gunia la mkaa? Tangu gari litangaze habari za nyumba mpya, kila asubuhi ananisimamisha pale kisimani. Shoga, nyumba mpya ina vyumba viwili. Shoga, bomba liko ndani kwa ndani. Shoga, dirisha langu nataka litazame barabara. Na mimi naitika. Naitika kama mjinga, nikirudi nyumbani naosha uso."

"Nilimfanyia wema."

"Najua."

"Ulikuwepo. Ulinishikia ngazi."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Alishika ngazi siku nzima, na jioni akasema kazi ni nzuri.

"Mshika ngazi hasemwi," mke akasema, "lakini hasahau. Kwa hiyo inuka, baba watoto. Tutakwenda wote wawili. Mimi nitaanza, wewe utamalizia."

"Nianze vipi? Mtu unaanzaje? Unasema, jirani, habari za asubuhi, nyumba yako nimeifuta?"

"Sema hivyohivyo."

"Atanilaani."

"Akikulaani tutajua tumefika. Mimi naogopa asikulaani. Naogopa akae chini aseme haidhuru, fundi, ulikuwa hujui. Hapo tutaingia kaburini na uso gani?"

Mzee aliangalia mikono yake. Kwenye mikunjo ya vidole kulikuwa na chokaa isiyotoka, ya miaka, weupe ulioingia ndani ya ngozi ukakaa. Akaweka viganja juu ya magoti, akajisukuma, ndoo ikalia chini yake. Akawa amesimama nusu.

"Haya," akasema. "Twende kabla sija..."

"Hodi humu! Wenyewe wapo au wamepelekwa na harufu ya maharage? Shoga, kuna kitu kinaungua kwako!"

Mama Mkaa alishaingia kabla hawajaitika, miaka mingi mlango ule haukuwa na hodi ya kusubiri. Amevaa kitenge cha sikukuu, uso umeoshwa mkaa mpaka pembe za macho, na mkononi ameshika kufuli jipya, linang'aa, karatasi ya dukani bado imelizunguka.

"Msinicheke. Nimenunua. Nikasema nyumba mpya nisiifunge kwa kamba kama banda la mbuzi. Sikieni linavyolia." Akalifunga, kah! Akalifungua. Akalifunga tena, akacheka peke yake. "Shemeji fundi, nimekuja kukuomba. Asubuhi gari limepita linasema kesho kila mtu aje na namba yake. Mimi ile siku sikuwepo, nilikuwa kwa mwanangu. Lakini wewe uliupaka ukuta wangu, wewe uliiona. Hebu niambie, ilikuwa ngapi?"

Mwiko wa mke ukabaki hewani. Mzee alikuwa bado amesimama nusu, mkono mmoja kwenye ndoo.

"Mbona mmenyamaza?" akasema Mama Mkaa.